Kasi ya mpira peke yake haimpimi mrushaji

Kwa Mhariri,

Jumapili moja mwezi uliopita, mgeni mmoja alifika katika uwanja wa shule tunaoutumia kwa mazoezi ya besiboli huku Kasarani, akiwa ameshika kipima kasi kama kile ambacho askari wa trafiki huwaelekezea madereva Thika Road. Alijitambulisha kuwa msaka vipaji, akawapanga vijana wangu 11 na kumtaka kila mmoja arushe kwa nguvu zake zote. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 17, alifikisha kilomita 138 kwa saa. Mgeni alimpigia makofi, akaandika jina lake, akamwambia mama yake aliyekuwa amesimama kando ya uwanja aanze kushughulikia pasipoti, kisha akamtaka kijana arudie, na arudie tena, huenda angefika 140. Nilihesabu mipira 64, siku moja tu baada ya kijana huyo kucheza mechi, kabla sijaingilia kati na kuomba kifaa kizimwe. Kwa muda huo wote mgeni hakuuliza hata mara moja mipira ile ilikuwa ikitua wapi.

Mama huyo sasa anafikiria kumtoa mwanawe shuleni ili afanye mazoezi kutwa, na ndiyo sababu ninaomba nafasi katika ukurasa wako.

Simlaumu. Sisi Wakenya tumelelewa na saa. Marehemu Kelvin Kiptum alipomaliza mbio za Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu katika mbio saa ikishasema imesema. Mrushaji wa besiboli hana bahati hiyo. Yeye anashindana na mtu aliyeshika gongo upande wa pili, mita 18.44 kutoka mahali anaporushia, mtu ambaye riziki yake ni kutambua mpira gani unakuja na utapita wapi. Mpira wa kilomita 160 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, na bado wapigaji wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani huupiga ukavuka ukuta wa uwanja, mradi wawe wameutarajia na umepita katikati.

Wala sisemi kwamba kasi si kitu. Aroldis Chapman, mzaliwa wa Cuba, alirusha mpira wa maili 105.8 kwa saa mwaka 2010, yaani karibu kilomita 170, na nguvu hiyo ya mkono imempa ajira ya miaka mingi. Lakini wasaka vipaji wa Marekani wanamkumbuka pia Steve Dalkowski, mrushaji aliyeingia katika timu ndogo za klabu ya Baltimore Orioles mwaka 1957, na ambaye wengi waliomwona waliapa kwamba hapajatokea mtu wa kasi kama yake. Mwaka 1960, akichezea Stockton katika jimbo la California, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu (straiki ni mpira uliopita palipotakiwa au uliokoswa na gongo) katika vipindi 170. Katika vipindi hivyo hivyo aliwaruhusu wapigaji 262 kutembea bure hadi kituo cha kwanza, kwa sababu mipira yake haikupita palipotakiwa. Mwaka 1963 kiwiko chake kiliumia, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa Ligi Kuu. Mlinganishe na Greg Maddux, ambaye mwili wake haukumtisha mtu na mpira wake wa kasi ulikuwa wa kawaida miongoni mwa wenzake. Mwaka 1995, akiwa na Atlanta Braves, Maddux alirusha karibu vipindi 210 akawapa wapigaji 23 tu njia ya bure, na mwaka huo akatwaa tuzo ya mrushaji bora kwa mara ya nne mfululizo. Kipima kasi cha mgeni wangu kingempita Maddux kikamwandika Dalkowski.

Msaka vipaji aliyeiva hufanya kazi tofauti kabisa. Ana kipimo cha alama kinachoanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni kiwango cha wastani cha Ligi Kuu, na kila aina ya mpira alionao kijana hupewa alama yake: mpira wa kasi, mpira unaopinda, na ule wa pole unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono ili kumhadaa mpigaji. Udhibiti nao hupewa alama ya peke yake. Kisha alama zenyewe huwa mbili, moja ya jinsi kijana alivyo leo na nyingine ya kile anachoweza kufikia atakapokomaa, na hii ya pili ndiyo inayomsumbua msaka vipaji kwa sababu haisomeki kwenye kioo cha kifaa chochote. Humlazimu arudi mara kadhaa, amtazame kijana akiwa amechoka, akiwa ameshapigwa mpira mmoja ukaenda mbali, akiwa na wapinzani kwenye vituo viwili na hofu imemshika. Huuliza kama kijana husikia anapoelekezwa, na kama kosa la Jumamosi hii litakuwepo Jumamosi ijayo.

Nitatoa mfano wa kijana wangu mwenyewe. Kila anapotaka kurusha mpira wa pole, kiwiko chake hushuka kidogo na hatua yake ya mbele hufupika kwa kama urefu wa kiganja. Kwa aliyesimama pembeni haionekani. Lakini mpigaji wetu mmoja wa miaka 15 aliigundua katika wiki ya pili, na tangu hapo humsubiri kwa utulivu kama mtu anayesubiri matatu aliyokwisha kuiona inapinda kona. Kasoro hiyo inarekebishika, na tumeanza kuirekebisha, ila huchukua miezi. Kilomita 138 hazielezi lolote kuhusu jambo hilo.

Nairobi hasa haipaswi kusahau haya. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya iliifunga Sri Lanka katika Kombe la Dunia la kriketi, na aliyewaangusha wageni ni Collins Obuya, aliyechukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, yaani aliwatoa wapigaji 5 huku akiwaruhusu mikimbio 24 tu. Obuya hakuwa mrushaji wa kasi. Mpira wake ulikwenda polepole, ukigusa ardhi unageuka, na wapigaji wenye uzoefu mkubwa kuliko wake wakaupapasa kama watu wa gizani. Besiboli na kriketi ni michezo miwili tofauti, nalijua hilo, lakini jicho linaloweza kumtambua Obuya ndilo jicho ninalolitafuta kwa wanaokuja kuwapima watoto wetu.

Najua pia ndoto inayouzwa. Kwa kuwa Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, kuna wanaosema mikono kama ile imejaa hapa nchini, na kilichobaki ni kuwapa mpira tu. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa India. Mwaka 2008 lilifanywa shindano la kutafuta warushaji miongoni mwa vijana ambao hawakuwa wamewahi kucheza besiboli, na wawili waliong'ara, Rinku Singh na Dinesh Patel, walikuwa warusha mkuki. Klabu ya Ligi Kuu ya Pittsburgh Pirates iliwasajili mwaka huo huo. Walijituma sana na nawaheshimu, lakini hakuna kati yao aliyefika Ligi Kuu, maana nguvu za mkono walizokwenda nazo zilikuwa sehemu moja tu ya kazi, na wapinzani wao walikuwa wameanza kujifunza sehemu zilizobaki tangu utotoni.

Linaloniumiza zaidi ni kiwiko. Kuna upasuaji unaoitwa kwa jina la mrushaji Tommy John, aliyefanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974, ambapo kano huchukuliwa mahali pengine mwilini na kupandikizwa kwenye kiwiko kilichokatika kano yake. John alirudi uwanjani akacheza hadi 1989. Siku hizi mrushaji anayefanyiwa upasuaji huo kwa kawaida hukaa nje zaidi ya mwaka mzima, akiwa na timu inayomlipa na mtaalamu anayemnyoosha mkono kila siku. Mtoto wa Kasarani nani atamlipia? Little League, shirika la besiboli ya watoto la Marekani, imeweka kikomo cha mipira 85 kwa siku kwa mtoto wa miaka 11 au 12, na mwongozo wa Pitch Smart wa huko huko unaweka 105 kwa wa miaka 17 au 18, pamoja na siku za lazima za kupumzika kulingana na idadi aliyorusha. Mtu anayemrushisha kijana mipira 64 ya nguvu zote keshoye ya mechi, ili tu kutafuta kilomita mbili za ziada, ama hazijui kanuni hizi au hazimhusu.

Ninaomba makocha wenzangu wasimruhusu mtu yeyote kuwapima vijana bila kwanza kuuliza walirusha lini na mara ngapi. Kwa wazazi, nasihi kwamba mgeni akija na ahadi, aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe mwanao ana mipira ya aina ngapi, upi ni dhaifu, na anakusudia kurudi kumtazama lini. Asiyeweza kujibu hajamwona mtoto.

Kijana wangu alipumzika siku 10. Sasa anarusha mipira 30 kila Jumanne baada ya masomo, nami hukaa nyuma ya mdakaji na daftari, naandika kila mpira ulikolengwa na ulikotua. Wiki iliyopita, kati ya 30, 17 ilitua palipokusudiwa. Mwanzoni ilikuwa 9. Mgeni yule akirudi nitamkaribisha, na nitamwomba alisome daftari hilo kabla hajawasha kifaa chake.

Mwalimu wa michezo,
Kasarani, Nairobi