Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Moshi Uliomo Majini, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wazazi wetu, shikamooni na karibuni.

Klabu yetu hufuatilia kemikali za moshi majini. Masizi ya matanuri ya chokaa, ya magari, ya jenereta na ya majalala yanayofuka hutua juu ya mabati na barabara, kisha mvua ya kwanza ya vuli huyasomba hadi mito ya Zigi na Mkulumuzi. Ndani ya masizi mna jamii ya haidrokaboni (kemikali za kaboni na hidrojeni) zinazozaliwa na uchomaji, mojawapo benzopairini, inayosababisha saratani. Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 0.7 katika lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho ni kidogo mno, hata chupa yenyewe inaweza kuharibu kipimo.

Chupa ya plastiki hatuitaki, hata ikiwa mpya. Kemikali hizi hazipatani na maji. Hung'ang'ania plastiki, na maabara ikapima pungufu. Tunatumia kioo cha kahawia cha lita moja, kwa kuwa mwanga wa jua huzivunja, na kifuniko chenye bitana ya tefloni. Chupa haisuuzwi kwa maji ya mtoni kabla ya kujazwa (wengi hulishangaa hili, maana vipimo vingine hutaka isuuzwe): utando wa mafuta ungebaki kiooni na kuzidisha jibu. Maji ya bomba hutiwa sodiamu thaiosalfeti kuondoa klorini. Sampuli hukaa kwenye barafu, nyuzi 4 hivi, na zisipite siku 7 kabla ya kukamuliwa kwa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachozitoa kemikali hizo majini. Kila safari tunabeba pia chupa ya maji safi ya maabara, tunaifungua na kuifunga palepale mtoni. Ikikutwa na kemikali, mto hauna kosa; tutafute kwenye moshi wa pikipiki iliyotupeleka.

Visima ndivyo vinavyotusumbua zaidi. Miamba ya Amboni ni ya chokaa, yenye nyufa na mapango, hivyo maji ya juu huzama upesi bila kuchujwa sana. Kisima kirefu chenye kipenyo cha sentimita 15 na mita 20 za maji kina lita 353 hivi. Maji yaliyolala kisimani tunayatoa kwanza, mara tatu ya lita hizo, hadi pH (kipimo cha uasidi), joto na upitishaji umeme vitulie, ndipo tunachota. Ndoo ikitumbukizwa kwa kishindo huvuruga tope, na haidrokaboni nzito husafiri na tope, kwa hiyo jibu hupanda bure. Pampu ya polepole ndiyo dawa.

Majibu yakija tunachukua haidrokaboni mbili za jamii ile, fluoranthini na pairini, na kugawanya fluoranthini kwa jumla ya zote mbili. Ikizidi 0.5, chanzo huwa ni kuni, nyasi au makaa ya mawe; ikiwa 0.4 hadi 0.5, ni petroli au dizeli iliyoungua. Chini ya 0.4, mafuta yaliyomwagika bila kuungua. Vyanzo vikichanganyika, uwiano huu hupotosha, kwa hiyo hatumnyooshei mtu kidole kwa sampuli moja.

Mheshimiwa, tunaomba chupa 24 za kioo cha kahawia, kasha la barafu, pampu ndogo na mita ya upitishaji umeme. Tunaomba vifike kabla ya Oktoba, kwa sababu sampuli ya vuli huchotwa maji yanapoanza tu kupanda. Masizi mengi huja na maji hayo ya mwanzo.

Naomba kuwasilisha.