Asante, mzee wetu wa Magomeni

Shikamoo, mzee. Hukutaka jina lako litajwe, basi tunakushukuru hivyo hivyo kwa kutufundisha kuandika historia ya ukoo.

Somo lako la kwanza limeokoa madaftari mengi: mtu akisema "babu", usiandike bado. Uliza, "Ndiye aliyemzaa baba, au ni ndugu yake?" Kwetu mdogo wake babu naye ni babu, na baba mkubwa ni baba, kwa hiyo ukoo huota matawi pasipo pake. Andika majina matatu, la mtu, la baba na la babu, kisha la utani, maana wengine mtaani hawajulikani kwa jingine. Saidi wa nyumbani huwa Said kwenye cheti, na aliyebatizwa ana jina jingine kitabuni parokiani.

Mwaka usiojulikana ubane kwa matukio: kabla ya vita vya Majimaji (1905–1907) au baada yake? Uhuru wa Tanganyika, 1961, alikuwa ameshaolewa? Vyeti vya kuzaliwa viko RITA, wakala wa serikali wa usajili, lakini wazee wengi hawakusajiliwa utotoni. Anza na walio hai, wakongwe kwanza, nusu saa tu. Wakichoka huitikia kila unachouliza!

Chai ya tangawizi tutaleta sisi safari hii.