Barua ya wazi kwa Meya wa Jiji la Jinja: Kimaka si kiwanja kitupu

Mstahiki Meya,

Salamu nyingi kutoka Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala. Nakuandikia kuhusu Kimaka, uwanja wa ndege wa Jinja, na kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya Walukuba, mtaa wa Jinja nilikokulia, na kwa sababu mambo ya ndege huku kwetu yameachiwa mno Kiingereza, mwananchi akabaki kuinua macho tu chombo kinapopita.

Uwanja wa kwanza ambao niliwahi kurusha ndege ulikuwa Chicago, na Chicago yenyewe sijaikanyaga hadi leo. Nilikuwa mvulana tu. Kwenye duka moja la kompyuta pale Main Street ya Jinja tulilipa kwa nusu saa, tukagombania kiti kimoja. Ukifungua mchezo wa Microsoft Flight Simulator ulijikuta tayari umekaa juu ya lami ya Meigs Field: kulia Ziwa Michigan, kushoto maghorofa ya jiji. Ukizembea kidogo, umeingia majini. Niliingia majini mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na mwenye duka hakuchoka kunicheka, mtoto aliyezaliwa karibu na Ziwa Nyanza (Victoria) anakwenda kuzama Marekani.

Siku hizi narusha ndege ya kweli, Cessna 172 ya viti vinne ambayo tunaichangia marafiki kadhaa. Nikitua Kimaka, vijana wa boda boda huniuliza swali moja lilelile: ardhi yote hii, mbona haijengwi? Si swali la kijinga. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020, watu wanaongezeka, na mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja akitazama ule uwazi wa nyasi lazima aone viwanja vya kupima na kugawa. Nilipokuwa naishi Walukuba ningeuliza hivyohivyo.

Naomba nikupandishe ndege kidogo, kwa maneno, ndipo nijibu.

Kutoka Kajjansi hadi Jinja ni kama kilomita 76 kwa mstari ulionyooka. Asubuhi kabla ya kuwasha injini natazama ziwa kwanza. Radi za usiku huzaliwa juu ya maji, maana maji hubaki na joto lake wakati nchi kavu imeshapoa, na kunapokaribia kucha mawingu husogea kuja Entebbe na Kampala. Yakishapita tunapata saa chache za anga tulivu, kabla jua la mchana halijaanza kupika mawingu mengine juu ya nchi kavu. Basi naondoka kwenye murram ya Kajjansi, nazungumza na waongozaji wa Entebbe, navuka ghuba ya Murchison, kisha nafuata ufuo wa Mukono. Msitu wa Mabira unabaki kushoto, visiwa vya Buvuma kulia. Chini yangu wavuvi wanakunja nyavu. Baada ya dakika 25 hivi unaiona Jinja, na hapo hata abiria aliyekuwa amesinzia huamka: Masese, chanzo cha Nile, daraja la reli, daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, halafu bwawa la Nalubaale. Kimaka iko pale jirani.

Wenye magari hunihusudu kwa sababu ya msongamano wa Mukono na Lugazi, na sitawakatalia. Lakini nafuata ufuo kwa sababu nyingine. Nikiwa futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, niko kama futi 1,800 tu juu ya maji ya ziwa. Injini yangu ni moja. Ikizima hapo, ndege itateleza hewani kwa karibu kilomita 5, basi. Kwa hiyo muda wote jicho moja linatazama mbele na la pili linatafuta mahali pa kushukia. Anayeruka kando ya ziwa hili huhesabu viwanja kama msafiri wa jangwani anavyohesabu visima.

Sasa nije kwenye ardhi yenyewe. Meigs ilikuwa mita 180 hivi juu ya usawa wa bahari. Jinja ni zaidi ya mita 1,100. Hewa yetu ni nyepesi, na jua likipanda ikafika nyuzi 28, bawa na injini hufanya kazi kana kwamba tuko mita 1,800 na ushei. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ikishainuka hupanda polepole, kasi ya kupanda ikipungua kwa karibu theluthi. Ndiyo maana rubani haoni ukomo wa uwanja pale majani yanapoishia. Uwanja unaendelea hewani, mbele ya ncha zote mbili. Mtu akijenga ghorofa nne hapo mbele, uwanja utakuwa umefungwa hata kama hakuna aliyegusa unyasi mmoja. Na akimwaga takataka karibu, wataletwa kalooli, wale korongo wakubwa wa majalalani. Mstahiki, kalooli mmoja anaweza kufika kilo 8. Sitaki kukutana naye kwenye kioo changu.

Nimeitaja Meigs mara mbili, na si kwa ajili ya mchezo wa utotoni peke yake. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1948 kwenye kisiwa cha Northerly, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Meya Richard M. Daley aliutaka uwe bustani ya watu. Aliufunga mwaka 1996, jimbo likamshinikiza, ukafunguliwa tena mwaka uliofuata. Kisha usiku wa tarehe 30 Machi 2003 matingatinga yaliingia gizani na kuichimba njia ya kurukia, alama kubwa za msalaba mfano wa herufi X. Kulipokucha, ndege 16 zilikuwa zimenaswa. Baadaye ziliruhusiwa kuondoka kwa kupaa kwenye kijia cha kutembezea ndege, jambo ambalo sisi marubani hatutalitamani. Meya alisema ni usalama, kwa kuwa mashambulizi ya Septemba 2001 yalikuwa bado mabichi vichwani. Jiji lilikuja kutozwa faini ya dola 33,000 kwa kutotoa taarifa mapema, na likarudisha dola milioni moja za serikali kuu. Bustani ipo leo. Wanasema inapendeza, nami naamini. Kinachoniuma si bustani, ni yale matingatinga ya usiku.

Najua Kimaka si mali ya jiji lako, iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Wala sikutuhumu kwa lolote, hakuna tingatinga niliyoiona. Lakini ramani ya jiji inapitia kwenye baraza lako, na vibali vya ujenzi hutoka ndani ya mipaka yako. Naomba ramani hiyo ionyeshe, kwa wino unaosomeka, zile njia za hewa mbele ya ncha za uwanja na urefu ambao jengo lisivuke. Mtu anayenunua kiwanja huko ajue kabla hajachukua mkopo, si baada ya kufika ghorofa ya tatu. Na ikitokea siku jiji likaona heri uwanja uhamishwe, sawa, miji hukua. Tuitwe, tusikilizwe mchana kweupe, tuonyeshwe tunakohamia.

Utaniambia huu ni mchezo wa wenye pesa. Kidogo ni kweli, nikiwa mimi ndiye niliyekaa pale mbele Jumamosi. Ila pale Kajjansi jirani zangu ni ndege za Mission Aviation Fellowship, nazo mizigo yake ni wahudumu wa afya na vifaa vya watu wa mbali. Ndege ndogo haimuulizi abiria kama ni tajiri. Na hata kabla ya njia za lami, watu wa ziwa hili walipokea ndege: miaka ya 1930 zile ndege-boti za Imperial Airways zilitua juu ya maji pale Port Bell na Kisumu.

Jambo moja zaidi, nalo linanikosesha usingizi kuliko maghorofa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Waliofika mwanzo kuwaokoa walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Njia yangu ya kuja kwako hupita juu ya maji, kwa hiyo nami nikipatwa na jambo atakayenifikia ni mvuvi wa Masese. Je, anajua mlango wa ndege hufunguliwaje? Anayo namba ya kupiga? Hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji asubuhi moja pale mwaloni, kamba, maboya, na mtu wa kueleza kwa Kiswahili na Lusoga. Mimi niko tayari kuja kueleza, bila malipo, na mlango wa Cessna nitauleta wenyewe ukiwa bado umeshikana na ndege.

Ukipata nafasi Jumamosi yoyote, njoo Kajjansi kabla ya saa tatu asubuhi nikupitishe juu ya jiji lako. Viti viko vitatu. Ila uniambie mapema unakuja na nani na mna uzito gani, kwa sababu nikijaza mafuta ya kwenda na kurudi, mlinzi wako na katibu wako hawataenea wote wawili.

Wako,
Rubani wa Kajjansi, mzaliwa wa Walukuba