Ile siku ya kukaa chini ya mwembe, mbona tunailipisha?

Sisi ni mafundi wa mitambo ya gesi ya pumba za mpunga, ile inayoendesha jenereta za umeme. Juzi mteja mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Mbarali alikataa kulipa nusu ya bili. Maneno yake: "Mmefika saa mbili asubuhi, mkazima mtambo, mkakaa chini ya mwembe mpaka giza likaingia. Spana mmeishika kesho yake. Siku ya kukaa nailipia nini?" Si wa kwanza kusema hivyo, ila huyu kashawaambia wenzake kwamba sisi ni matapeli. Basi tuongee.

Mtambo wa gesi ya pumba hauchomi kama jiko. Pumba zinaunguzwa kwa hewa kidogo ya kupimia, zinatoa gesi, gesi inapoozwa na kuchujwa, kisha inaingia kwenye injini inayozungusha jenereta. Karibu sehemu moja kati ya tano ya gesi hiyo ni kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Kwenye jiko ni ajali. Kwenye mtambo wako ndiyo bidhaa yenyewe, ndiyo inayowasha taa za kijiji.

"Tukisikia harufu tutatoka." Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kinachonuka ni moshi na lami, na machujio kazi yake ni kuviondoa hivyo. Gesi ikichujwa vizuri ndiyo unazidi kutoisikia.

Chukua banda la injini la mita 4 kwa 5, kimo mita 3, milango imefungwa. Gesi ya kujaza dramu moja na nusu tu ikivujia humo, hewa ya banda zima inafika kiwango cha kuumiza kichwa na kutapisha ndani ya saa moja. Anayeendelea kukaa hatoki. Dramu moja na nusu! Mtambo wa kuwashia kijiji unatoa kiasi hicho kabla hujamaliza kunywa chai.

Sasa turudi kwenye mwembe. Injini ikiwa inafanya kazi inanyonya, kwa hiyo penye tundu hewa ndiyo inayoingia, gesi haitoki. (Hilo nalo lina balaa lake, maana hewa ikikutana na gesi ya moto humo ndani inaweza kulipuka. Tumewahi kukuta kifuniko cha tangi la kuunguzia pumba kimelala kwenye shamba la jirani.) Ukizima injini, kunyonya kunakoma, lakini pumba za ndani hazina habari kwamba umezima. Zinaendelea kufuka kwa saa nyingi, na safari hii gesi inasukumwa nje kupitia kila gasketi iliyochoka. Muda huohuo ndio mteja anataka tufungue chujio ili tuwahi kuondoka.

Mwaka juzi mteja mwingine alituona ghali, akamwambia kijana wake wa mtambo abadilishe vumbi la mbao la kwenye chujio mwenyewe, saa moja tu baada ya kuzima. Kijana alijifunga kitambaa kibichi puani. Kitambaa kinazuia vumbi, gesi hii kinaipitisha kama ilivyo. Walimkuta ameketi ukutani, spana mkononi, macho wazi, haitiki. Wakamtoa nje na kumnywesha maziwa, ambayo hayasaidii kitu kwa sumu hii, anachohitaji mtu ni hewa safi na oksijeni ya hospitali. Alipona kwa sababu mlango wa banda ulikuwa umepelekwa kuchomelewa. Huku nyuma vumbi la mbao la zamani likapata hewa, likawaka na chujio lake. Gari la kukodi, hospitali, chujio jipya, siku tisa mashine imelala: vyote vilimgharimu mzee yule mara nne ya bili yetu.

Na ninyi mnaojenga ukuta wa banda hadi juu mkiogopa wezi wa betri, wekeni nondo na wavu, hewa ipite. Ukuta tutawaambia mvunje, na mtanuna.

Bei yetu ina mafundi wawili, kila safari. Mmoja anafungua, wa pili anasimama upepo unakotokea na kipima gesi mkononi, hagusi kitu, yupo kwa ajili ya kumvuta mwenzake. Kipima chenyewe kinachakaa hata kikikaa kabatini, na hatuingii bandani bila hicho. Ukipata fundi anayekuja peke yake kwa nusu ya pesa, muulize nani atamvuta.

Siku ya mwembe unaweza kuiepuka kabisa. Jioni ya kuamkia siku yetu acha kulisha tangi, tembeza injini mpaka gesi ilegee, zima, acha milango wazi, na mtu asilale humo. Asubuhi tukipima pote na kipima kikasoma sifuri, tunaanza kufungua palepale na unalipa siku moja.

Mteja wa Mbarali tulimweleza haya kwa simu siku mbili kabla. Tulipofika saa mbili mtambo ulikuwa unanguruma, tangi limejaa pumba hadi mdomoni, naye anatupungia mkono tusubiri amalizie magunia ya shemeji yake.

Nusu iliyobaki bado tunaidai.