Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: mkaguzi aje kabla ya zege, sio na rangi nyekundu

Mbukwa mkuu. Mimi ni mkazi tu wa huku Nkuhungu, sina cheo chochote. Naandika kuhusu hizi nyumba zinazoongezwa kila kukicha, maana tangu serikali ihamie Dodoma kila mwenye kauwanja anatoa fremu mbele, anashusha vyumba vya wanachuo uani, wengine wanapandisha ghorofa juu ya nyumba iliyojengwa kubeba bati, na ukimuuliza habari za kibali anakwambia hicho ni cha wanaoanza msingi, mimi naongeza tu.

Hapo ndo shida ilipo. Kuongeza au kubadilisha jengo nako kunataka kibali, na kwa maoni yangu ndo kunakihitaji zaidi, sababu nyumba mpya unaipigia hesabu kuanzia chini ila ya zamani unaibebesha mzigo ambao msingi wake haukupangiwa. Mtu anataka sebule kubwa, anavunja ukuta wa kati, kumbe ndo uliobeba kenchi za paa. Anataka dirisha la kisasa, fundi anakata lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo wakafa watu zaidi ya 20, na habari zilizosambaa siku zile ni kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba chini kuongeza sehemu ya biashara. Jengo lilikuwa limesimama miaka, watu wanauza na kununua humo.

Na ardhi yetu mkuu unaijua. Penye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mkono unaingia, mvua ikija unavimba unasukuma msingi juu, sasa chumba kipya chenye msingi wa futi moja kikiungwa na nyumba yenye msingi wa maana, kila kimoja kinacheza kivyake na ufa unatokea palepale kwenye maungio. Fundi anauziba na plasta, masika ijayo unarudi. Tuko pia jirani na bonde la ufa, ardhi huku hutikisika. Halafu jua na upepo wa Dodoma vinakausha zege haraka mno, linatakiwa kumwagiwa maji walau siku 7 na nguvu yake hupimwa siku ya 28, ila maji ya boza ni hela kwahiyo watu wanamwagia siku mbili wanaacha. Sitaji fremu zilizokaa juu ya mtaro, hizo mvua ya Januari inazitaja yenyewe.

Lakini tusiwalaumu wananchi peke yao. Enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, watu walilalamika sana mambo ya viwanja na ujenzi mpaka ikavunjwa 2017 majukumu yakaja kwenu, na hofu ile haijaisha. Mwenye chumba kimoja cha kuongeza akisikia ramani ya msanifu, hesabu za mhandisi, nakala ya hati, anaona bora amalizane na fundi wake jioni. Matokeo yake anajua mamlaka ipo siku anapokuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani, mkopo umeshaisha na bati limeshapigwa. X hiyo haimsaidii mtu, nondo zimeshazikwa, nani atajua kama ni za milimita 12 au 8?

Ombi langu ni mkaguzi afike shimo la msingi likiwa wazi, arudi nondo zikiwa zimefungwa kabla zege halijamwagwa, basi. Wenyeviti wa mitaa wanajua kila tripu ya mchanga inaposhushwa, watumieni, na mwenye kujileta mwenyewe asianze kwa faini. Tupeni ramani za mfano za chumba cha nyongeza na fremu zilizopitishwa na mhandisi, mtu achague alipie ajenge. Kwenye ghorofa hapo msilegeze hata kidogo, hata kama mwenye nyumba ni mkubwa.

Na gharama ya kibali cha chumba kimoja ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa kwa maandishi makubwa, tuione kabla hatujamwita fundi.

Mkazi wa Nkuhungu