Mhariri, Bellerophon nayo ikumbukwe

Ndugu Mhariri,

Kila ikija habari ya manowari za Uingereza za enzi za meli za matanga watu wanataja Victory ya amirali Nelson tu, basi imeisha. Mi naomba nafasi niitetee Bellerophon maana imefanya makubwa na mwisho wake unaniuma.

Ilishushwa majini 1786 pale Frindsbury kwenye mto Medway, ikiwa na mizinga 74. Lile jina la Kigiriki mabaharia liliwashinda wakawa wanaiita Billy Ruffian. 1798 kwenye vita vya Nile, kule pwani ya Misri, ikajikuta gizani ubavuni mwa L'Orient, dude la Wafaransa lenye mizinga 120, ikapigwa mpaka milingoti yote mitatu ikaanguka, na bado ikatengenezwa ikarudi kazini.

Trafalgar 1805, vita vya majini karibu na Hispania, Waingereza dhidi ya Wafaransa na Wahispania, ndo balaa lenyewe. Luteni Cumby alimshauri nahodha John Cooke avue mapambo ya cheo mabegani maana adui kwenye L'Aigle, meli ya Wafaransa iliyokuwa ubavuni, alikuwa anamwona wazi, Cooke akasema muda umeshapita, atakufa kiume, na kweli wakampiga risasi palepale sitahani, Cumby ikabidi aishike meli. Huku chini guruneti likapenyezwa kwenye tundu la mzinga, likalipuka, stoo ikashika moto na mlango wake ukafunguka kwa kishindo, na kishindo hichohicho kikaufunga mlango wa chumba cha baruti. Yaani mlango tu! Ungebaki wazi meli zote mbili zingeruka na watu wake.

Halafu kuna wanaoandika Napoleon, mfalme wa Wafaransa, alikamatwa palepale kwenye vita vya Waterloo. Hapana jamani. Alijisalimisha 15 Julai 1815 karibu na Rochefort, pwani ya Ufaransa, akapanda Bellerophon kwa miguu yake mwenyewe kwa nahodha Maitland, wakampeleka hadi Torbay huko Uingereza, watu wakajazana kwenye vimashua wamwone lakini nchi kavu hakuruhusiwa kukanyaga, akahamishiwa meli nyingine, Northumberland, akapelekwa kisiwa cha Saint Helena.

Baada ya yote hayo meli wakaigeuza jela ya kuelea, 1824 hata jina wakainyang'anya wakaiita Captivity yaani Kifungo, na 1836 ikauzwa ivunjwevunjwe. Victory ipo Portsmouth mpaka leo watu wanaenda kuitazama, hii hakuna.

Kwa hiyo Mhariri mkija kuandika tena Trafalgar nawaomba sana muiwekee Billy Ruffian hata aya moja, na jina la Cooke liwemo.

Msomaji wenu wa siku nyingi