Risala kwa Mgeni Rasmi: Mashindano ya Kumkumbuka Mama, Mwandika Mikimbio wa Klabu Yetu

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wa klabu yetu ya kriketi,
Waamuzi, makocha na wachezaji wa rika zote,
Wazazi na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kuja kufungua mashindano haya, ambayo klabu imeamua yafanyike kila mwaka kwa kumbukumbu ya Mama yetu. Nimepewa heshima ya kusoma risala hii kwa niaba ya klabu, na kwa niaba ya Baba, kaka zangu na dada yangu. Wengi waliopo hapa walimwita Mama ingawa hakuwazaa, kwa hiyo nisemapo "Mama yetu" sizungumzii nyumba moja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama hakukulia kwenye kriketi. Aliikuta kwa Baba, aliyekuwa mrushaji wa mipira ya kuzungusha, akaipokea pamoja na ndoa. Mwanzoni alikaa kando ya uwanja, kitabu cha kanuni mapajani, akimuuliza yeyote aliye karibu kwa nini mwamuzi ameinua kidole, kwa nini huyu ametoka na yule amebaki. Hakuona haya kuuliza. Sisi tulipofikia umri wa kushika gongo, ni yeye aliyekuwa akituamulia ugomvi wetu nyuma ya nyumba, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Kazi alizotufanyia nyumbani wenzetu wachezaji wanazijua, maana kila nyumba ya kriketi ina mtu anayezifanya. Mrushaji husugua mpira kwenye suruali ili upande mmoja uendelee kung'aa, wala hawazi ile rangi nyekundu inayobaki kwenye kitambaa cheupe. Mama aliiwaza. Alijua doa la mpira na doa la nyasi hayatoki kwa njia moja, na hakuruhusu nguo zilale chafu mpaka asubuhi. Gongo jipya nalo haliendi uwanjani siku linaponunuliwa. Hupakwa mafuta ya kitani, kisha hugongwagongwa kwa nyundo ya mbao saa nyingi, taratibu, mpaka uso wake ukaze na uweze kuhimili mpira mgumu. Jioni nyingi tulifanya kazi za shule huku tukisikia mlio wa nyundo hiyo. Kaka yangu mkubwa anashikilia hadi leo kwamba hakuna gongo lililoandaliwa na Mama lililopasuka ukingoni.

Lakini mahali pake hasa palikuwa mezani, penye daftari la mikimbio, yaani pointi za kriketi.

Wengi hudhani mwandika mikimbio ni mtu aliyepewa kalamu kwa kuwa hachezi. Katika kanuni za kriketi zinazotumika sasa, waandika mikimbio wamepewa kanuni ya 3. Wanakuja baada ya wachezaji na waamuzi, na kabla ya mpira na gongo. Huwa wawili, na hutakiwa kulinganisha vitabu vyao mara kwa mara. Kila ishara ya mwamuzi lazima waijibu, ili ajue imeonekana. Ndiyo maana picha ya Mama iliyobaki kwa wachezaji wa klabu hii ni ya mama aliyeinua mkono kutoka upande wa pili wa uwanja, jua au mawingu, akimwambia mwamuzi: nimeona, nimeandika.

Aliandika vizuri mno. Mrushaji akimaliza ova, yaani zamu yake ya mipira sita, bila kufungwa mkimbio, zile nukta sita huunganishwa kwa mstari zikawa herufi M. Akiwa ameangusha na wiketi, yaani amemtoa mpigaji, ndani ya ova hiyo, alama huunganishwa zikawa W. Mama alizichora herufi hizo bila haraka, na tuliokuwa tukichungulia begani kwake tulijifunza kusoma mechi nzima katika ukurasa mmoja: nani alivumilia, nani alikuwa na pupa, ni saa ngapi mambo yaligeuka.

Tulipotoka bila mkimbio hata mmoja aliandika sifuri yetu kwa mwandiko uleule aliotumia kwa wengine. Njiani kurudi nyumbani hakuuliza "umepata ngapi?" kwa kuwa alijua. Aliuliza mpira ulifanya nini. Ulipinda? Ulibaki chini? Uliuona ukitoka mkononi? Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba maswali hayo yalituondolea aibu na kutuacha na jambo la kufanyia mazoezi.

Naomba nieleze mechi moja, mheshimiwa mgeni rasmi, kwa sababu klabu imetaka isomwe hapa. Wageni walikuwa wakifukuza idadi yetu ya mikimbio, na wiketi yao ya mwisho ikaanguka ubao wa matokeo ukionyesha wamepungukiwa na mkimbio mmoja kutufikia. Tulirukaruka. Kaka yangu ndiye aliyekuwa nahodha, tayari amebebwa juu. Mama hakuinuka mezani. Alikuwa amelinganisha kitabu chake na cha mwandishi wa wageni, kijana mdogo aliyekuwa akiandika kwa mara ya kwanza, na akaona kijana amekosa bai moja, yaani mkimbio unaopatikana bila gongo kugusa mpira. Ubao ulikuwa umefuata kitabu cha kijana. Mama angefunga daftari lake, na hakuna ambaye angejua. Aliwaita waamuzi, akawaonyesha ova yenyewe na mpira wenyewe. Mwamuzi akakumbuka ishara aliyoitoa na mkono uliomjibu. Ushindi wetu ukawa sare.

Tulirudi nyumbani tumenuna. Baba hakusema kitu. Mama alisema sentensi moja tu: "Ule mkimbio ulikimbiwa." Kijana yule leo ndiye mwandishi mkuu wa mikimbio wa klabu yake. Alikuja mazikoni, na leo yupo nasi.

Kwa dada yetu, Mama alikuwa na msimamo ambao haukubembelezwa. Mtu alipomwambia kriketi haiwafai wasichana, alimjibu kwa mwaka: 1973. Ndio mwaka Kombe la Dunia la kriketi la wanawake lilipochezwa Uingereza, miaka 2 kabla ya lile la wanaume. Kisha aliendelea kumfunga dada pedi za kukinga miguu.

Mama alipofariki, klabu yetu na wapinzani wetu wa wiki hiyo walikubaliana kuahirisha mechi. Familia inawashukuru sana. Kuna waliouliza kama ni sawa kusimamisha mchezo kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kupiga wala kurusha. Historia ya mchezo wenyewe imejibu. Martha Grace, wa Downend karibu na Bristol, alikuwa mama wa E.M., W.G. na Fred Grace, ndugu watatu walioichezea England pamoja dhidi ya Australia katika uwanja wa The Oval mwaka 1880. Alipofariki mwaka 1884, E.M. na W.G. walikuwa kwenye uwanja wa kriketi wa Old Trafford wakiichezea timu ya Gloucestershire dhidi ya Lancashire. Habari ilipofika, A.N. Hornby, nahodha wa Lancashire, alikubali mechi ikomee hapo ili ndugu wale waende nyumbani. Aliyefanya hivyo alikuwa mpinzani, na ndivyo walivyofanya wapinzani wetu pia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukukuita kusikiliza sifa peke yake. Waandika mikimbio wetu bado wanakaa kwenye meza isiyo na paa, na mvua ikianza kudondoka hufunika daftari kwa miili yao huku wachezaji wakikimbilia vyumbani. Tunaomba utusaidie kuwapatia kibanda chenye dirisha pana linaloona uwanja wote. Tunaomba pia utuunge mkono kuanzisha mafunzo ya uandishi wa mikimbio kwa wazazi na vijana, hasa wasichana, kwa kuwa tangu Mama aondoke tumecheza mechi kadhaa na kitabu kimoja badala ya viwili. Na kwa uongozi wa klabu, familia ina ombi dogo: majina ya waandika mikimbio yachapishwe kwenye karatasi ya kila mechi pamoja na ya wachezaji na waamuzi. Tumepekua madaftari yote aliyoyaandika Mama, na jina lake halimo hata katika moja.

Baada ya kusema hayo, tunakuomba ufike kwenye meza ya waandishi, ufungue daftari jipya tulilolinunua kwa ajili ya leo, na uandike juu ya ukurasa wa kwanza majina ya waandika mikimbio wawili wa mechi ya ufunguzi. Manahodha wanakusubiri katikati ya uwanja kwa ajili ya kurusha sarafu.

Tunaomba kuwasilisha.